Faiawoli ya Linux kwenye Ploti ya Waifai Moja

Kwenye ploti nyingi za Kawangware, Nairobi, kuanzia Gatina hadi Kabiro, intaneti huingia kwa waya mmoja. Ruta hukaa kwa mpangaji aliyejisajili, au kwa keateka, na wengine huchanga kila mwezi ili wapewe nywila. Kibera mambo ni yayo hayo: Makina, Laini Saba, Olympic, waya hupita juu ya mabati na kuingia chumba kimoja, kisha mawimbi yakasambaa hadi vyumba vya jirani. Ni mpango wa busara. Umeshusha gharama, na umewafungulia vijana wengi kazi za mtandaoni na masomo ambayo bando la simu lisingeyaweza. Lakini kila kifaa kilichoshika waifai hiyo kimo ndani ya mtandao mmoja na vingine vyote. Simu ya chumba cha tatu, au ya mgeni aliyefika leo chumba cha tatu, inaweza kuibishia laptopu yako moja kwa moja, na ombi hilo lisitoke hata hatua moja nje ya ploti.

Je, laptopu inayotumia Linux inahitaji faiawoli yake yenyewe, yaani ngome ya programu inayochuja nani aruhusiwe kuifikia kupitia mtandao? Wapo wataalamu wanaojibu hapana, na hoja zao ni nzito. Mimi nasema ndiyo, hasa kwa mitaa hii, na sababu yangu ni ule waya wa pamoja.

Swali hili limewafikia watu wengi zaidi sasa kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache mno. Laptopu nyingi za ThinkPad na EliteBook za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, zinazouzwa katikati ya jiji ni za kabla ya hapo. Mwenye mashine kama hiyo ataendelea na Windows isiyopata viraka vya kawaida vya usalama, au atafute hela za nyingine, au aweke Ubuntu au Linux Mint bila kulipa chochote. Wengi wanaochagua njia ya mwisho huja na imani kwamba Linux haishikwi na virusi, basi hakuna cha kufunga. Imani hiyo ilipaswa kufa mwaka 2016, pale programu hasidi ya Mirai ilipoteka kamera na ruta zinazoendeshwa na Linux kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Hoja ya wanaopinga ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kwamba mtu wa ng'ambo hawezi kuifikia laptopu yako hata akitaka. Anwani za IPv4 zimeadimika. AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, liliingia awamu ya pili ya uhaba Januari 2020. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukifungua ukurasa wa ruta na kukuta anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, umo ndani ya mpango huo. Anayepekua intaneti nzima akitafuta mashine zilizo wazi ataishia kwa kampuni. Hili ni kweli, na ndiyo sababu sipendi kuwatisha watu kwa hadithi za wadukuzi wa Ulaya Mashariki wanaoinyemelea laptopu ya mwanafunzi wa Lindi, Kibera.

Mguu wa pili ni sera ya Ubuntu yenyewe. Tangu zamani Ubuntu imeshikilia kwamba mfumo uliotoka tu kuwekwa usiwe na huduma yoyote inayosikiliza maombi kutoka mtandaoni, isipokuwa chache za lazima, kama ile ya kupata anwani na ile ya kutambua vifaa vya karibu. Kama hakuna anayesikiliza, wanasema, faiawoli inazuia nini? Ndiyo maana Ubuntu huja na faiawoli ikiwa imezimwa, na Mint vilevile. Fedora, Linux ya aina nyingine, imechukua njia tofauti: faiawoli yake, firewalld, imewashwa tangu mwanzo, ingawa toleo la kompyuta za mezani na laptopu huacha wazi poti zote, yaani milango ya mtandao yenye namba, kuanzia 1025 hadi 65535, hatua ambayo wengi wameilaumu.

Mguu wa kwanza unavunjika ukiutazama kutoka ndani ya ploti. Kampuni ya intaneti imefunga geti la nje, na geti ni jambo jema. Lakini mtu anayeishi kwenye ploti halali mlango wa chumba chake ukiwa wazi kwa sababu geti limefungwa. Watu wa ploti moja ni watu wema, na wengi wao wasingegusa faili ya mwenzao hata wakialikwa. Shida ni kwamba huwajui wote walio na nywila ya waifai. Huwa imepelekwa kwa WhatsApp, imeandikwa ukutani, imepewa shemeji aliyekuja kutembea. Na mara nyingine mwenye simu hana nia mbaya kabisa, ila simu au laptopu yake imeshikwa na programu hasidi inayotafuta mashine jirani yenyewe. WannaCry ilienea hivyo Mei 2017 miongoni mwa kompyuta za Windows, kupitia poti 445. Mwezi huohuo Samba, programu ambayo Linux hutumia kushiriki mafaili na Windows, ikapatikana na tundu lake.

Haya hayategemei kampuni unayolipa. Poa! Internet, kwa mfano, imejenga biashara yake katika mitaa kama Kibera na Kawangware kwa kuuza intaneti ya nyumbani na waifai za mtaani kwa bei nafuu. Kwenye hotspoti inayosimamiwa, msimamizi ana uwezo wa kuwatenganisha wateja ili vifaa vyao visionane. Ruta inayogawanywa na wapangaji wenyewe kwa kawaida haina utengano huo, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya familia moja yenye printa moja na runinga moja. Tena ulinzi wa anwani za pamoja ni wa muda. Kadiri kampuni zinavyohamia IPv6, kila kifaa kinapata anwani yake ya dunia nzima, na geti lile linabaki kutegemea ruta imepangwaje.

Mguu wa pili, wa mfumo uliotoka kuwekwa, nauona dhaifu zaidi. Hakuna laptopu inayobaki jinsi ilivyowekwa siku ya kwanza. Fungua tamino, ile programu ya kuandikia amri, uandike:

sudo ss -tulpn

Amri hii inaonyesha kila programu inayosikiliza, anwani inayosikilizia na namba ya poti. Safu ya kutazama ni ile ya anwani ya hapa kwako. Ikiwa 127.0.0.1, programu hiyo inasikia mashine yako tu. MySQL na PostgreSQL za Ubuntu hukaa hivyo, na hazina madhara kwa jirani. Ikiwa 0.0.0.0 au nyota au [::], inasikia kila anayeweza kukufikia. Kwenye laptopu ya mtu anayejifunza kuprogramu utakuta vitu hapo. Seva ya SSH ambayo fundi aliiweka ili akusaidie akiwa mbali, halafu akasahau. XAMPP ya somo la PHP. Samba ya siku ile mlipohamishiana filamu.

Na kuna amri moja ndogo inayofundishwa karibu kila darasa la mwanzo la tovuti:

python3 -m http.server

Mwanafunzi huiandika ili aone ukurasa wake wa HTML kwenye simu, na inafanya kazi vizuri. Inachofanya ni kufungua poti 8000 kwa kila mtu kwenye mtandao na kutoa kila kitu kilicho ndani ya folda ulipoianzisha. Ukiianzisha ndani ya folda ya mradi, jirani anaona mradi. Ukiianzisha ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani, ambako ndiko tamino hufunguka, jirani anayeandika anwani yako kwenye kivinjari cha simu anaona orodha: Desktop, Documents, Downloads. Ndani ya Downloads kuna skani ya kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, barua ya HELB, matokeo ya KCSE. Hahitaji ujuzi wowote wa kudukua. Anabonyeza na kupakua.

Kwa hiyo nasema washa. Kazi yenyewe ni fupi, na ufupi huo una historia. Faiawoli halisi ya Linux imo ndani ya kiini cha mfumo. Rusty Russell wa Australia aliuanzisha mradi wa Netfilter mwishoni mwa miaka ya 1990, na amri yake ya iptables ikaingia na kiini cha 2.4 Januari 2001. Nftables, inayoirithi, ilifika na 3.13 mwaka 2014. Lugha za amri hizi ni za wasimamizi wa seva; mtu wa kawaida akikosea mstari mmoja anajifungia intaneti asijue kwa nini. Ndiyo maana Ubuntu ilileta ufw kwenye toleo la 8.04 mwaka 2008: amri nyepesi juu, mashine ileile chini. Kwenye Ubuntu na Mint imo tayari:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw enable

Mbili za kwanza zinaeleza hali ambayo ufw inayo tayari, lakini ziandike, maana laptopu ya mitumba hujui aliyekutangulia aliifanyia nini. Zinasema: anayebisha kutoka nje akataliwe, ninayemwendea mimi nimfikie. Ya tatu inawasha, na itawaka tena yenyewe kila laptopu ikizimwa na kuwashwa. Wengi huogopa hapa kwamba YouTube au Zoom itakatika. Haikatiki. Faiawoli hukumbuka mazungumzo uliyoyaanza wewe na huyapitisha majibu yake. Inayemzuia ni yule aliyeanza mwenyewe kukubishia. Asiyependa tamino ana Gufw, dirisha lenye kitufe cha kuwasha na kuzima, ambalo kwenye Mint limo kwenye menyu. Uhakiki ni huu:

sudo ufw status verbose

Ukiona neno active, na ya kuwa vinavyoingia ni deny na vinavyotoka ni allow, imekaa. Lakini usiishie kwa maneno ya skrini. Anzisha ile seva ya Python ndani ya folda tupu, chukua simu iliyo kwenye waifai hiyohiyo, andika anwani ya laptopu na poti 8000. Faiawoli ikiwa imezimwa, orodha inatokea papo hapo. Ikiwa imewashwa, kivinjari kitazunguka na kuzunguka hadi kikate tamaa, kwa sababu ufw hailijibu ombi, inalitupa kimya. Jaribio hilo huchukua dakika mbili na linafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Baada ya kuwasha, wengine hukimbilia kumbukumbu za mfumo na kushtuka. Wanakuta mistari mingi yenye UFW BLOCK na kudhani wanashambuliwa usiku kucha. Soma mstari kwa utulivu. SRC ni aliyetuma, DST ni anayetumiwa, DPT ni poti aliyoitaka. Mistari mingi itakuwa na DST ya 224.0.0.1 na SRC ambayo ni ruta yenyewe: hiyo ni ruta ikiuliza vifaa vyote swali la kawaida la mtandao, na haina ubaya. Mstari wa kuufuatilia ni ule ambao SRC yake ni anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.7, DST ni wewe, na DPT ni 22, kisha 445, kisha 3306, moja baada ya nyingine kwa sekunde chache. Hapo kuna kifaa kinachopekua mtandao wa ploti. Huenda mwenyewe hajui. Mwambie aikague mashine yake kabla ya kumwita mwizi.

Kuna tukio moja linalopima hoja hii yote vizuri kuliko jingine ninalolijua. Tarehe 26 Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza matundu kadhaa katika CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux. Sehemu yake iitwayo cups-browsed, ambayo hutafuta printa zilizo karibu, ilikuwa ikisikiliza poti 631 ya UDP kwa kila mtu. Aliyetuma pakiti moja angeweza kuiaminisha laptopu kwamba kuna printa mpya, na mwenye laptopu akichapa kitu kwa printa hiyo bandia, amri za mvamizi zingetekelezwa. Laptopu nyingi zenye Ubuntu zilikuwa na programu hii, bila mwenyewe kuweka chochote. Sera ya kutosikiliza haikumlinda. Ufw ingeizuia pakiti ile. Ila usitulie upesi. Margaritelli alionyesha pia kwamba aliye kwenye mtandao uleule angeweza kupitisha hila hiyo kwenye mfumo wa kutangaziana vifaa, mDNS, na huo ufw huuachia njia kwa kawaida yake, kusudi printa na runinga zionekane. Kwa mkazi wa ploti, tundu hilo lilizibwa kabisa na masasisho. Faiawoli ilipunguza njia, masasisho yakaziba iliyobaki, na faiawoli peke yake isingetosha.

Si kila mlango unafaa kufungwa. Tunapanda, taasisi ya Kibera inayofundisha vijana teknolojia na usanifu, imejenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana. Mitandao ya aina hiyo ina thamani kwa sababu mashine moja huwahudumia wengi. Mwalimu aliyeweka Kolibri, maktaba ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, kwenye laptopu moja ili darasa lisome kwa tableti, akiwasha faiawoli atawakatia wanafunzi wote. Asizime faiawoli. Afungue poti ya Kolibri tu, kwa anwani za darasani tu:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8080 proto tcp

Namba za anwani abadilishe zifanane na za mtandao wake. Anayeunganisha simu na laptopu kwa KDE Connect atahitaji poti 1714 hadi 1764, za TCP na za UDP. Anayetumia SSH aandike limit badala ya allow, ili anayejaribu nywila mfululizo akatwe. Na anayetumia Docker ajue jambo ambalo limewaponza hata watu wa seva: Docker huandika kanuni zake pembeni ya ufw, hivyo poti uliyoifungua kwa -p 8080:80 iko wazi hata ufw ikisema imefunga kila kitu. Dawa ni kuandika -p 127.0.0.1:8080:80.

Huulizwa pia kama faiawoli inaokoa bando. Kwa mpangilio huu, hapana, maana vinavyotoka vyote vinapita. Kwenye Ubuntu, mtandao unaotoka kwa simu yako utaje kwenye mipangilio kuwa unalipiwa kwa kipimo, na masasisho ya kujiendesha yatasubiri. Anayetaka kuamua programu gani itoke na ipi isitoke aitazame OpenSnitch, inayouliza kila programu inapojaribu kwenda nje kwa mara ya kwanza. Lakini ajiandae kuulizwa sana wiki ya kwanza.

Faiawoli ina mipaka pia. Ulaghai unaowaumiza zaidi watu wa mitaa hii haupiti kwenye poti yoyote. Unakuja kwa simu ya mtu anayedai ametuma M-Pesa kimakosa, kwa kiungo cha kazi hewa, kwa laini iliyosajiliwa upya na mwingine. Ufw haina la kufanya hapo. Haina la kufanya pia kama nywila ya kuingia kwenye ruta bado ni admin, kwa sababu anayeishika ruta anaweza kuelekeza tovuti unazotafuta kwingine. Hilo wapangaji walisimamie pamoja. Laptopu ikiibwa matatuni, kinachosaidia ni diski iliyosimbwa, na njia rahisi ya kulipata hilo ni kuchagua siku ile ile Linux inapowekwa.

Sheria ya Kenya imeshatamka yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamfanya anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini kuwa mhalifu, faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Jirani hana msamaha kwa kuwa mnatumia waifai moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inageukia upande wa pili, na huu ndio unaonishughulisha zaidi. Inamtaka anayeshika data za watu aweke hatua za kiufundi zinazofaa kuzilinda. Mwenye saiba anayeskani vitambulisho vya watu wa eCitizen na KRA siku nzima, katibu wa chama mwenye orodha ya michango na namba za simu, zahanati ndogo yenye rekodi za wagonjwa kwenye laptopu moja: hao hawalindi mafaili yao peke yao. Saiba ikiwa na mashine ya kazi kwenye waifai ileile wanayopewa wateja, faiawoli ni kitu cha kwanza cha kuwasha, na cha pili ni kuitenganisha waifai ya wateja na ya kazi, uwezo ambao ruta nyingi za sasa zinao chini ya jina la mtandao wa wageni.

Ningependa kazi hii isiachiwe mnunuzi. Fundi anayemwekea mtu Linux tayari amekaa mbele ya mashine, ana nywila, na ana tamino wazi; amri tatu hazimchukui muda wa kuhesabu. Vituo vinavyofundisha programu vingeweka jaribio la seva ya Python na simu katika somo la kwanza kabisa la mtandao, kabla HTML haijaanza, mwanafunzi aione orodha ya mafaili yake kwenye simu ya mwenzake, kisha aifunge kwa mkono wake. Na Ubuntu, ambayo tayari imeweka ufw ndani ya kila laptopu inayoitumia, ingeweza kuuliza swali moja zaidi wakati wa kuwekwa: je, mtandao huu unautumia na watu wengine?